Kamera kwenye theluji ya Kibo: maandalizi yanaanzia Moshi

Tarehe 11 Mei 1848, mmisionari Johannes Rebmann alipouona kwa mbali weupe wa Kibo, kilele kikuu cha Mlima Kilimanjaro, alimuuliza mwenyeji aliyekuwa akimwongoza njia ule ni nini. Yule bwana hakutaja theluji wala barafu. Alisema ni baridi, basi. Nimeshapanda na kamera mara nne, na mpaka leo sijasikia maelezo bora ya kile kinachomsubiri mpiga picha kule juu. Theluji yenyewe ukiikung'uta inaanguka kama unga. Baridi ndiyo inayolaza betri, inayotia vidole ganzi, na ukishuka nayo ovyo inageuka maji ndani ya lenzi.

Kazi yangu ni picha za harusi, kipaimara na pasipoti hapa Moshi mjini. Mara ya kwanza nilichukuliwa na kundi la walimu waliotaka picha za kileleni. Nilirudi na picha mia mbili na ushee: theluji yenye rangi ya majivu, sura zisizotambulika, na kuanzia Stella Point, ukingoni mwa kreta, kwenda mbele kila kitu kilikuwa kama kimepigwa nyuma ya pazia la bafuni. Dada mmoja alizitazama kwenye kompyuta yangu, akauliza kwa upole, "Kaka, huyu wa katikati ndiye mimi?" Nilirudisha nusu ya hela yao bila kuombwa. Yaliyomo humu nimeyajua baada ya aibu ile, na utaona mengi yake hayafanyiki mlimani kabisa.

Hatua ya 1: Ijue baridi yenyewe

Moshi iko mita 800 na kitu juu ya usawa wa bahari. Uhuru, kilele chenyewe, ni mita 5,895. Kila ukipanda mita 1,000, joto hushuka kwa takriban nyuzi 6. Fanya hesabu: ukiuacha mji usiku ukiwa na nyuzi 18, kileleni tegemea kama nyuzi 12 au 13 chini ya sifuri. Usiku mbaya hufika 20 chini ya sifuri. Upepo hauwezi kuifanya kamera iwe baridi kuliko hewa inayoizunguka, ila unaifikisha huko upesi. Anayeteswa na upepo ni wewe, hasa ncha za vidole, na mpiga picha asiye na vidole hana kazi.

Sasa fungua kijitabu kilichokuja na kamera yako. Nyingi zimeandikwa kwamba hufanya kazi kati ya nyuzi 0 na 40. Chache zilizozibwa vizuri huandikwa hadi 10 chini ya sifuri. Hiyo haimaanishi yako itakufa ikifika 11. Maana yake ni kwamba kuanzia hapo aliyeitengeneza hakuahidi kitu. Kwa kawaida betri ndiyo hugoma kwanza. Baada ya betri, kioo cha nyuma kinaanza uvivu, picha inaburuza mkia unapogeuza kamera. Mwisho ni mafuta ya kwenye pete za lenzi, yanakuwa mazito na pete inakataa kuzunguka kwa ulaini uliouzoea. Kioo kikipata joto kinarudi kama zamani, kwa hiyo usikibonyeze kwa hasira.

Hatua ya 2: Fanya jaribio la friza

Hili ndilo ninalowasisitizia wateja wangu wote, na nusu yao hunicheka. Friza ya nyumbani, au ile ya jirani anayeuza barafu za watoto, huwa karibu nyuzi 18 chini ya sifuri. Ndio usiku wa kilele, umelala jikoni kwako.

Chaji betri mbili zijae kabisa. Moja itie kwenye mfuko wa nailoni wenye zipu, kamua hewa, funga, iweke frizani kwa muda wa saa mbili. Ya pili kaa nayo mfukoni. Muda ukifika itoe ile ya frizani, ifute mara moja kwa kitambaa kikavu hasa pale kwenye vyuma vya kugusana, itie kwenye kamera na uanze kupiga. Hesabu picha. Kamera ikilalamika au ikizima, toa betri hiyo, ikae mfukoni mwa suruali nusu saa, halafu irudishe. Utashangaa: vile vijistari vilivyokuwa vimekwisha vimerudi.

Hakuna uchawi. Betri ya lithiamu haivuji umeme kwa sababu ya baridi. Kemikali zake zinatembea polepole, ukinzani wa ndani unapanda, na kamera inapovuta umeme kwa nguvu, volti zinaporomoka. Kamera inasoma zile volti, inadhani betri imekwisha, inajizima. Umeme bado umo. Ndiyo maana betri "iliyokufa" kileleni usiitupe kwenye begi la nje. Irudishe kifuani, itakupa picha nyingine ishirini.

Jambo moja usilijaribu: kuchaji betri ikiwa imeganda. Chini ya nyuzi 0 kuchaji kunatandaza lithiamu mahali isipotakiwa ndani ya betri, na dhara hilo haliponi. Ipashe kwanza kwa mwili wako, ndipo uiunganishe na chaja au pawabenki. Pawabenki nayo ni betri vilevile, ilale nawe.

Sehemu ya pili ya jaribio hata friza haihitaji. Nenda stendi mchana wa Februari, nunua soda baridi, isimamishe mezani. Chupa itatoa jasho. Yale maji hayakutoka ndani ya chupa. Ni unyevu wa hewa ya Moshi uliokutana na kitu cha baridi. Kamera yako ikitolewa baridini ikaingizwa kwenye joto inakuwa chupa ileile, tofauti ni kwamba chupa haina saketi. Halafu chukua chupa ya pili ambayo umeiomba ikiwa imeshafungwa ndani ya mfuko wa zipu kabla haijatoka kwenye friji. Jasho litakaa nje ya mfuko. Ukielewa chupa hizi mbili, umeielewa Hatua ya 8 kabla hatujaifikia.

Ndugu zetu wa Arusha wana njia nzuri zaidi: Meru. Ina mita 4,566, usiku wake wa kilele unagandisha vya kutosha, na safari yake ni fupi. Kosa la kamera linalofanyika Meru ni somo. Likifanyika Uhuru, ni hasara.

Hatua ya 3: Kusanya vifaa, halafu punguza

Pita soko la Memorial au Kiboriloni kwenye mitumba. Unatafuta glovu za aina mbili. Nyembamba za kubana, ambazo ukizivaa unaweza kufunga kifungo cha shati. Na zile kubwa ambazo vidole vinne vinakaa chumba kimoja na dole gumba peke yake. Nyembamba unazivaa muda wote, hata kwenye kulala. Kubwa zinakaa juu, zimefungwa kamba inayopita shingoni kama tulivyofungiwa penseli darasa la kwanza, ili ukizivua zining'inie. Nimeona glovu moja ikipeperuka kuelekea bondeni. Mwenyewe alishuka mkono ukiwa ndani ya soksi.

Betri: tatu ikiwa kamera yako ni ya kioo cha ndani (DSLR), nne ikiwa ni hizi za kisasa zisizo na kioo hicho (mirrorless), kwa sababu zinakula umeme kila unapochungulia. Kadi ya kumbukumbu: moja kubwa kuliko tatu ndogo. Kadi zenyewe hazina shida sana na baridi, shida ni kuzibadilisha gizani vidole vikiwa kama vya sanamu. Nyingine iwepo ya akiba, basi.

Lenzi moja. Najua inauma. Lakini kabla hujafika kwenye theluji utavuka jangwa la juu, na kwa wanaopita njia ya Marangu kuna ile tambarare kati ya kilele cha Mawenzi na Kibo, ambako vumbi la volkano linapita kama limekodiwa. Ukifungua kamera pale kubadilisha lenzi, vidoadoa utaviona kwenye anga la kila picha mpaka kileleni. Chagua lenzi inayoanzia pana na kuvuta kiasi, ifunge Moshi, ifungue Moshi.

Vitu vidogo: mifuko mikubwa ya zipu miwili, pampu ndogo ya mpira ya kupulizia vumbi, kitambaa cha miwani, na vile vipakiti vya silika vinavyokaa kwenye maboksi ya viatu. Vipakiti vya zamani huwa vimeshashiba unyevu. Tafuta vipya, au vile vya kubadilika rangi vinavyokuonyesha vimeshiba.

Stendi ya miguu mitatu iache, labda kama unakwenda kwa ajili ya nyota. Ukienda nayo, miguu ya chuma izungushie tyubu ya baiskeli. Chuma cha nyuzi 15 chini ya sifuri kwenye kiganja kitupu hakisahauliki. Vile vipakiti vya kupasha mikono vinavyouzwa na wanaokodisha vifaa, nunua ukitaka, ila usivitegemee: vinafanya kazi kwa unga wa chuma kushika kutu, na kutu inahitaji oksijeni. Juu kule oksijeni mnagawana. Tochi ya kichwani iwekee betri za lithiamu za kutupa, zinavumilia baridi mbali kuliko zile za alkali za dukani. Droni iache nyumbani kama huna kibali, hifadhini hairuhusiwi. Na ukiwa na wazo la kupanda na laptopu ya zamani yenye diski ya kuzunguka ili uhamishe picha kambini, liache: kichwa cha kusomea ndani ya diski ile huelea juu ya hewa, na nyingi zimeandikwa zisitumike zaidi ya mita 3,000 hivi. Kambi ya Horombo peke yake iko mita 3,720.

Kamera beba mwenyewe. Mzigo wa mgumu, yaani mpagazi, una kikomo cha kilo 20, na yeye kwa kawaida hayuko nawe usiku wa kilele. Picha haipigwi na kamera iliyobaki kambini.

Hatua ya 4: Panga kamera ukiwa bado na akili

Kileleni mgandamizo wa hewa ni kama nusu ya ule wa Tanga au Dar es Salaam. Kila pumzi inakupa nusu ya oksijeni uliyoizoea. Kichwa kinauma, mawazo yanakuja moja moja kama daladala za Jumapili. Mara ya pili nilipofika juu nilitumia dakika nzima kutafuta kitufe cha kuwasha kamera ambayo nimeishika kila siku kwa miaka sita. Kwa hiyo mambo yote ya menyu yamalizie mezani kwako, ukiwa na chai.

Yangu huwa hivi:

- Kitufe kikubwa kiwe kwenye A au Av: mimi nachagua tundu la kupitishia mwanga, kamera inachagua kasi ya kulifungua na kulifunga. Tundu f/8.
- ISO, yaani wepesi wa kamera kunasa mwanga, ijiendeshe yenyewe, isivuke 3200, na kasi isishuke chini ya 1/250 ya sekunde. Utakuwa unahema na kutetemeka, kasi ndogo itakuumbua.
- Faili ghafi, zile zinazoandikwa RAW, pamoja na JPEG. Ukikosea mwanga, faili ghafi ina nafasi ya kusamehe.
- Rangi iwe kwenye alama ya jua, siyo kujiendesha. Theluji ya kivulini itakuwa na ubuluu kidogo, na ndivyo ilivyo kweli.
- Wi-Fi, Bluetooth na GPS zima. Picha kujionyesha yenyewe baada ya kupigwa, zima pia. Kioo ndicho mlaji mkubwa wa betri.

Halafu usiku, zima taa chumbani, vaa glovu nyembamba, na ujizoeze kutoa betri na kuirudisha bila kuona. Fanya mara kumi. Mke wangu alidhani nimechanganyikiwa.

Hatua ya 5: Theluji nyeupe na sura nyeusi

Hapa ndipo walimu wangu walipopotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kipima mwanga cha kamera hakijui kinachokitazama. Kimefundishwa kwamba dunia, ukiichanganya yote, ni kijivu cha sementi. Kwenye harusi ukumbini kinapatia kwa sababu kuna suti nyeusi, shela nyeupe, na vitu vya katikati. Mpeleke mbele ya theluji tupu: anaona mwanga mwingi kuliko kawaida, anaogopa, anapunguza mpaka theluji iwe sementi. Ndiyo yale majivu yangu. Dawa ni kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa. Jumlisha 1 kama theluji ni nusu ya picha, nenda mpaka 1.7 au 2 kama imejaa picha yote na jua linawaka. Inaonekana kinyume, kuongeza mwanga mahali penye mwanga mkali, lakini ndiyo hesabu yake.

Usihukumu kwa kioo cha nyuma. Jua la kule linakifanya kionekane cheusi, na ukiwa umevaa miwani ya kukata mng'ao kinaweza kuzimika kabisa machoni pako huku kiko hai. Fungua histogramu, ule mchoro wa kilima. Kilima cha theluji kikae upande wa kulia bila kugonga ukuta. Kikigonga, punguza kidogo.

Hapo theluji imekaa sawa. Watu bado. Miongozo mingi ya picha za theluji imeandikwa kwa nchi ambazo sura ya mtu na theluji hazitofautiani sana kwa mwanga. Sisi ngozi yetu iko ngazi kadhaa chini ya theluji, na ukimsimamisha mtu mweusi kwenye weupe ule jua likiwa mgongoni kwake, unapata kivuli chenye meno. Kuongeza 1 peke yake hakumwokoi.

Kwanza mgeuze. Alfajiri jua linatokea upande wa Mawenzi, mashariki. Simama wewe mgongo ukiwa mashariki, watu wakuangalie, jua liwapate usoni kwa ubavu kidogo wasikunje macho. Theluji ya chini itafanya kazi ya bure: inarudisha mwanga kutoka chini, inajaza mashimo ya macho na chini ya kofia. Studio nalipia kioo cha kurudisha mwanga, pale kimetandazwa mpaka upeo wa macho.

Ikiwa huna namna, lazima jua liwe nyuma yao, tumia flashi hata ya kwenye kamera, ukiwa karibu, mita mbili au tatu. Au weka kipimo cha mwanga kwenye nukta moja, ipeleke nukta shavuni, na ukubali kwamba theluji ya nyuma itaungua iwe karatasi tupu. Kati ya theluji na uso wa mtu aliyetembea siku sita, mimi nachagua uso. Theluji haijawahi kuniuliza picha yake iko wapi.

Mwombe kila mtu ashushe boshori na avue miwani kwa picha moja tu, halafu arudishe haraka. Macho hayatakiwi kukaa wazi kwenye theluji ya mwinuko ule. Jua lake linachoma.

Hatua ya 6: Usiku wa kilele

Kutoka kambi ya Barafu au ya Kibo mnaondoka karibu saa sita usiku. Hapa kuna ubishi kati ya wapiga picha, nami nitasema upande wangu: kamera ikae baridini, betri zikae jotoni.

Betri zote, hata ile ya ndani ya kamera, zitoe na uzitie kwenye mfuko wa nguo ya karibu na ngozi, ndani ya kimfuko kikavu ili jasho lisizifikie na vyuma vyake visigusane na sarafu. Kamera tupu ikae kwenye begi lake, nje ya koti, ikipoa taratibu pamoja na hewa. Ukiivaa ndani ya koti inapata mvuke wa jasho lako. Ukiitoa nje, mvuke ule unaganda juu ya lenzi, na hakuna kitambaa kinachoutoa.

Nakuambia hili kwa sababu ya pazia la bafuni. Kule Barafu, jioni ile ya kwanza, niliingia na kamera kwenye hema la kulia. Mpishi analeta supu, sufuria inafuka, watu kumi wanapumua. Kamera iliyotoka kwenye nyuzi sifuri ikanywa mvuke wote. Nikaifuta kwa nje, nikaridhika. Uliokuwa umeingia katikati ya vioo haukufutika. Saa sita usiku tukatoka, ukaganda. Jua lilipochomoza nilikuwa naona ukungu mweupe, nikadhani ni macho yangu. Kwa hiyo kambini kamera isiingie hema la kulia wala kwenye begi la kulalia. Ikae pembeni mwa hema lako, imefungwa kwenye begi. Unaloingia nalo kwenye begi la kulalia ni betri, simu na soksi za kesho.

Njiani usiku usipige picha. Msururu wa tochi unaopanda unavutia, lakini kusimama kunakupoza wewe na kundi zima. Kama lazima, omba kiongozi wako kwenye kituo cha kupumzika, tia betri, piga mbili, toa betri.

Hatua ya 7: Jua likichomoza

Kama saa kumi na mbili na nusu hivi, mkiwa karibu na Gilman's Point au Stella Point, ukingoni mwa kreta, mashariki kunakuwa na mstari wa chungwa na Mawenzi inasimama mbele yake kama meno. Tia betri sasa. Tuko karibu na ikweta, jua linapanda wima, na rangi zile nzuri hazifiki nusu saa. Piga ukiwa umetulia baada ya kutoa pumzi. Usiibane pumzi, hapo hapana pumzi ya kubana. Pumua kwa pembeni, siyo kwenye kitundu cha kuchungulia, maana mvuke wako utaganda pale na utabaki unalenga kwa kukisia.

Theluji ikitua kwenye lenzi usipulize kwa mdomo. Ni silika ya kila mtu, na kila mtu anaharibu. Pumzi ni maji. Tumia pampu ya mpira. Glovu iliyoshika theluji nayo isiguse kioo.

Kutoka Stella kwenda Uhuru, kushoto kwako kuna barafu za upande wa kusini, mojawapo inaitwa kwa jina la yule yule Rebmann. Kulia, ndani ya kreta, utaona kilichobaki cha barafu ya Furtwängler. Zaidi ya asilimia 80 ya barafu iliyokuwepo juu ya Kibo mwaka 1912 imeshatoweka. Zipige, na mweke mtu katika picha, hata awe mdogo kama chungu, la sivyo ukirudi nyumbani bibi atakuuliza hilo jiwe jeupe lina ukubwa gani nawe utanyoosha mikono. Jumlisha 1.3, kasi 1/500, songa mbele.

Kwenye bango la Uhuru kuna foleni. Ukiwa unasubiri, betri irudi kifuani. Ikifika zamu, piga picha ya kundi kwanza, kisha mmoja mmoja, na kila picha irudie mara tatu kwa sababu kuna atakayefumba macho. Usirudi nyuma ukiwa unachungulia kwenye kamera. Kuna mabonde pale. Kiongozi akisema tunashuka, mnashuka, hata kama hujaridhika.

Wenye simu tu: haya yote yanawahusu. Simu ikae kifuani, izime kabisa usiku, itoke kwa dakika moja moja. Kioo cha kugusa hakitaki glovu nene, kwa hiyo tumia kitufe cha sauti kupigia. Kuongeza mwanga kwenye simu nyingi ni kugusa uso wa mtu kwenye kioo na kuburuza kidole kwenda juu.

Hatua ya 8: Kushuka na chupa ya soda

Wengi hupumua hapa, picha zimeshapatikana. Kamera nyingi huharibikia hapa.

Kabla ya kuanza kushuka, bado ukiwa baridini, kaa chini, toa kadi, ifiche kwenye mfuko wa kifuani. Toa betri. Kamera itie kwenye mfuko wa zipu pamoja na vipakiti vya silika, kamua hewa, funga, rudisha begini. Kadi unaitoa kwa sababu ya tamaa: jioni watu watataka kuona picha, na kama kadi imo ndani utafungua mfuko.

Siku hiyohiyo mtateremka zaidi ya mita 2,000 hadi kambi ya Horombo au ya Mweka. Hewa inapata joto na unyevu kila saa, na kwenye msitu mara nyingi kuna ukungu au mvua. Mvua ya msituni ni adui mkubwa kuliko theluji ya kilele. Theluji kavu inakung'utika, mvua inapenya. Usifungue. Ukifika Moshi, begi likae chumbani limefungwa usiku mzima. Waliosoma watakwambia saa mbili zinatosha, na ni kweli mara nyingi, lakini wewe umechoka, una haraka gani?

Ukikuta ukungu ndani ya lenzi, usiwashe, usizungushe pete, usiitoe lenzi. Iache mahali pakavu penye hewa, nje ya jua kali, pamoja na silika mpya, siku moja au mbili. Mchele usitumie. Mchele una vumbi, na pilau halitaki ladha ya kamera. Ukungu ukigoma baada ya siku tatu, mpelekee fundi kabla kuvu hawajaota kwenye kioo. Kwa hali ya hewa yetu hawakawii.

Betri zichaji asubuhi, zikiwa na joto la chumba. Kadi ihamishe mara mbili, kwenye kompyuta na mahali pengine, kabla hujaanza kuchagua.

Limebaki moja, na linafanyika getini kabla ya gari kuondoka. Wagumu, mpishi na viongozi hutawanyika ndani ya nusu saa, kila mmoja anakimbilia Hiace yake. Wengi wao wamepanda miaka kumi na hawana picha hata moja ya kwao wenyewe iliyopigwa vizuri. Chukua namba zao pale kwenye foleni ya kuandikishana, andika karatasini siyo kwenye simu iliyoisha chaji, na mbele ya kila jina andika amevaa nini: "jaketi nyekundu, amebeba meza". La sivyo ukifika studio utakuwa na sura ishirini ndani ya boshori, na hujui ipi ni ya nani.